Sufuria ya alumini, ya stenlesi, kikaango cha chuma au chungu cha udongo: utachaguaje?

Mama muuza vyungu hana maneno mengi. Anakiinua chungu kwa mkono mmoja, anakipiga konzi ubavuni, kisha anakusogezea sikioni. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa usioonekana kwa macho hutoa sauti iliyokufa. Hatua kumi kutoka kwake kuna duka la sufuria, na muuzaji wa pale naye anagonga, ila yeye anagonga ili usikie unene wa bati. Mnunuzi amesimama katikati na hela yake mkononi, hajui amsikilize nani.

Nami nimesimama pale mara nyingi, na kwa kuwa nilisoma kemia, watu wa nyumbani hudhani nina jibu moja. Sina. Ninacho kitu kingine. Sufuria ikianguka hubonyea, chungu kikianguka huvunjika. Ukijua kwa nini, utakuwa umejua pia kwa nini kimoja hupasha maji upesi, kwa nini kingine hakiogopi ukwaju, na kwa nini hakuna chombo kimoja kitakachokupa vyote. Yote yanatokana na namna atomi zinavyoshikana.

Jinsi atomi zinavyoshikana

Ndani ya metali, kila atomi imeachia elektroni zake za nje, na hizo elektroni zimekuwa mali ya ujima. Zinazunguka kati ya atomi zote, hazina mwenyewe. Ujima huo ndio gundi inayoshika chuma kizima. Safu moja ya atomi ikisukumwa juu ya nyingine, gundi bado ipo, kwa hiyo metali hupinda na kubonyea badala ya kukatika. Elektroni hizo hizo ndizo zinazobeba joto na umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ndani ya chungu mambo ni tofauti. Oksijeni, silikoni na alumini zimeshikana wawili wawili, kila elektroni ikiwa imefungwa mahali pake, sehemu kwa kushirikiana na sehemu kwa mvuto wa chaji. Bondi hizo, yaani mishiko ya atomi na atomi, ni ngumu mno kuvunjwa na tindikali ya jikoni. Lakini hazijui kuteleza. Ukizisukuma kupita uwezo wake zinakatika, na zikianza kukatika mpasuko unakimbia.

Jambo la pili ni mpangilio. Atomi za yabisi nyingi zimekaa kwa safu zinazojirudia pande zote, kama matundu ya wavu. Mpangilio huo huitwa kimia, na ni neno lile lile la mtangazaji wa mpira anaposema mpira umo kimiani. Kimia kikibadilika, tabia ya kitu hubadilika, hata kama atomi ni zile zile. Grafiti, ile nyeusi ya penseli, na almasi zote ni kaboni tupu.

Vigezo vya kupimia

Vyombo vyote vinne nitavipima kwa mambo manne. La kwanza ni moto: joto linasambaa haraka kiasi gani, na linakaa? Hapa nitataja namba moja, wati kwa mita kwa kila nyuzi. Ikiwa kubwa, joto linakimbia. La pili ni chakula: chombo kinafanyaje kikikutana na ukwaju, ndimu, nyanya, chumvi na magadi? La tatu ni mshtuko, wa kuanguka na wa maji baridi juu ya kitu cha moto. La nne ni jiko ulilonalo pamoja na matunzo. Bei sijaiweka, maana inabadilika kati ya soko na soko, na wewe unaijua ya kwenu kuliko mimi.

Sufuria ya alumini

Muuza machungwa hupanga machungwa yake piramidi bila kufundishwa na mtu. Kila chungwa la juu linakaa kwenye shimo lililo kati ya matatu ya chini. Atomi za alumini zimepangwa hivyo hivyo: kila moja inagusana na wenzake 12, na zote pamoja zinajaza asilimia 74 ya nafasi. Mwaka 1611 Johannes Kepler alisema hakuna namna ya kupanga matufe yakabanana kuliko hiyo. Uthibitisho wa kihesabu ulikuja 1998, alipoutoa Thomas Hales. Wauza machungwa hawakuusubiri.

Katika mpangilio huo safu huteleza kwa urahisi na kwa pande nyingi. Ndiyo maana mashine huweza kulisukuma bati tambarare la alumini likawa sufuria yenye kina bila kupasuka popote.

Moto: hapa alumini haina mpinzani kati ya hivi vinne. Ikiwa safi hupitisha wati 237 hivi. Ikichanganywa na vingine hushuka, lakini bado inaviacha vingine mbali. Chai inachemka upesi, na ugali unapata joto kitako kizima. Kisha ni nyepesi, gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, theluthi moja hivi ya chuma. Aliyewahi kuipua sufuria ya pilau ya shughuli anajua maana ya namba hiyo. Ubaya ni kwamba inapoa upesi vilevile, na inayeyuka kwa nyuzi 660 tu. Mafundi wa kusubu huyeyusha vipande vya injini kwa mkaa na feni, kisha humimina kwenye kalibu. Mkaa kama huo uko jikoni kwako. Kinachoiokoa sufuria yako ni maji yaliyomo, kwa sababu yakiwepo kitako hakipandi mbali na nyuzi 100. Yakikauka na wewe umeshikwa na maongezi uani, utakuta kitako kimelegea.

Chakula: alumini tupu ingeshambuliwa hata na maji. Inayoilinda ni ngozi nyembamba ya oksidi, unene wa nanomita chache, inayojitengeneza yenyewe hewani. Oksidi hiyo ni mchanganyiko ule ule wa alumini na oksijeni unaounda yakuti, jiwe la pete. Ni ngumu, lakini ina kasoro moja kubwa: inayeyushwa na tindikali na inayeyushwa na magadi pia.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Pika maharage kwa magadi kwenye sufuria ya alumini, uone ndani panavyogeuka kijivu hadi kukaribia weusi. Siku ya pili pika mchuzi wa nyanya humo humo. Sufuria inatoka inang'aa kana kwamba imesuguliwa. Weusi umekwenda wapi? Umeula. Kwa mtu mwenye figo nzima hilo si janga, maana figo hutoa sehemu kubwa ya alumini inayoingia damuni. Mwenye ugonjwa wa figo ana sababu ya kuwa mwangalifu. Mimi niliwahi kulaza mchuzi wa ukwaju kwenye sufuria mpya usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na mstari pale mchuzi ulipoishia, chini yake vishimo vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, na mchuzi wenyewe ulikuwa na ladha ya kijiko.

Kuna jambo zito zaidi, na linahusu sufuria za kusubu kutokana na vyuma chakavu. Ndani ya chakavu huweza kuwamo risasi, si ya bunduki, bali ile metali nzito yenye sumu. Atomi ya risasi ni kubwa kuliko ya alumini na haikubaliki kwenye kimia chake, kwa hiyo alumini ikiganda risasi hubaki vitone vitone pembeni, haikushikwa na chochote cha maana. Vipimo vya sufuria za namna hiyo kutoka Cameroon, vilivyochapishwa 2014, vilionyesha risasi ikitoka zilipochemshiwa kimiminika chenye tindikali. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Sufuria ya bati la kiwandani ni habari nyingine kabisa, na muuzaji mwaminifu atakuonyesha tofauti: ya kusubu ni nene, nzito kiasi, na uso wake una chembechembe.

Mshtuko: hubonyea, haivunjiki. Maji baridi haiyaogopi. Tundu likitokea, fundi anapiga ribiti na maisha yanaendelea.

Jiko na matunzo: mkaa, kuni na gesi, sawa. Jiko la sumaku, yaani lile la kioo linalopasha chombo chenyewe, halitaitambua isipokuwa iwe na kitako cha chuma. Wale wanaoisugua kwa majivu na mchanga mpaka unajiona usoni wajue kwamba majivu yana ukali kama wa magadi, na kila msuguo unaondoa ngozi ambayo sufuria inalazimika kuiota upya kutokana na mwili wake. Zipo za kijivu iliyokolea ambazo ngozi yake imekuzwa kiwandani kwa umeme ikawa nene maelfu ya mara. Hizo huvumilia tindikali vizuri zaidi, ila usizisugue kwa steliwaya.

Inamfaa anayepika wali, ugali, chai na pilau kwa watu wengi, mwenye haraka, na asiyelaza mboga za ukwaju humo.

Sufuria ya stenlesi

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na metali nyingine, kromi na mara nyingi nikeli. Chuma kitupu, katika joto la kawaida, hakipangwi kama machungwa. Kila atomi iko katikati ya kisanduku chenye wenzake wanane kwenye pembe. Kikipashwa hadi nyuzi 912 hujipanga upya kwa mtindo wa machungwa, na kikipoa kinarudi kilikotoka. Nikeli hukizuia kurudi. Sufuria iliyogongwa muhuri wa 18/10 ina kromi asilimia 18 na nikeli 10, na kwa sababu ya nikeli kimia chake kimebaki cha machungwa hata ikiwa ya baridi. Matokeo yake unaweza kuyapima dukani: toa sumaku ya spika mbovu, iweke ubavuni. Kwenye 18/10 haishiki, au inashika kwa unyonge sana. Kwenye 18/0, isiyo na nikeli, inanata.

Moto: hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Stenlesi hupitisha wati 15 hivi, takriban mara 15 chini ya alumini. Metali ni metali, elektroni za ujima zipo, sasa shida nini? Shida ni wageni. Katika alumini elektroni zinapita kwenye njia iliyopangwa sawasawa. Katika stenlesi zaidi ya kiti kimoja kati ya vinne kimekaliwa na atomi ya aina nyingine, tena bila mpango, na kila mgeni anaipotosha elektroni njia yake. Ndiyo maana sufuria nyembamba ya stenlesi huunguza wali kwa duara, pale pale miale ya gesi inapogusa, huku katikati pabichi. Dawa yake ni kitako cha matabaka matatu, alumini ikiwa imebanwa kati ya stenlesi mbili. Tazama chini kabla ya kulipa: kitako kinene chenye mstari wa maungio ubavuni ndicho unachotaka.

Chakula: ngozi yake ni oksidi ya kromi, nyembamba kama ile ya alumini, lakini hii haiyeyuki ovyo kwa ukwaju wala kwa magadi. Ikikwaruzwa inajiziba mradi kuna oksijeni. Harry Brearley alipata chuma cha namna hii Sheffield mwaka 1913 alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika. Kilichofuata kilikuwa visu vya mezani. Adui wake mkubwa jikoni ni chumvi. Ukiitupa kwenye maji baridi inazama na kulala kitakoni, na kloridi yake inaitoboa ngozi, ikiacha vidoa vidogo vyeupe visivyofutika. Subiri maji yachemke ndipo utie chumvi, ukoroge. Mwenye mzio wa nikeli achague 18/0.

Mshtuko: hubonyea kwa shida na haipasuki.

Jiko na matunzo: majiko yote, ila kwa la sumaku hakikisha kitako kinashika sumaku. Kuosha ni rahisi. Chakula kikiganda, loweka.

Inamfaa anayelaza chakula sufuriani, anayepika achari na michuzi ya ndimu, anayetaka kununua mara moja, na aliye tayari kupunguza moto.

Kikaango cha chuma cha kusubu

Hiki ndicho kile cheusi, kizito, cha kurithi. Chuma chake kina kaboni asilimia 2 hadi 4, nyingi kuliko kimia cha chuma kinavyoweza kuhifadhi, kwa hiyo kinapoganda kaboni ya ziada hujitenga ikawa vijisahani vya grafiti, ileile ya penseli. Katika grafiti kaboni zimeshikana kwa nguvu kwenye karatasi za pembe sita, lakini kati ya karatasi na karatasi mshiko ni dhaifu. Ndiyo sababu penseli huandika. Ndani ya kikaango, vijisahani hivyo ni kama nyufa zilizokwisha kuchorwa tayari.

Moto: wati 50 hivi, katikati ya stenlesi na alumini. Sifa yake kubwa haimo katika kukimbiza joto. Imo katika kulihifadhi, kwa sababu ni kinene na kizito. Kipashe taratibu, dakika kadhaa, kisha tupia chapati: hakipoi unapoiweka, na kila moja inapata madoa yake ya kahawia sawasawa. Mpika vitumbua mwenye kikaango cha zamani cha matundu saba hakibadilishi na kipya cha kung'aa hata umwongeze hela. Mafuta yamekwishaingia, kila kijishimo kimeziba, na kitumbua kinageuka kwa kukigusa tu na ncha ya uma.

Hayo mafuta ni kemia tosha. Mafuta kama ya alizeti yana bondi pacha, yaani kaboni mbili zilizoshikana mara mbili, kwenye minyororo yake. Yakipakwa membamba kwenye chuma cha moto, oksijeni hufungua bondi hizo na minyororo ikashikana yenyewe kwa yenyewe, ikawa utando mgumu mweusi usiotoka kwa maji. Huko ndiko kukizoeza kikaango. Ukipaka mengi mno unapata kitu cha kunatanata. Paka, kisha futa kana kwamba umejuta.

Chakula: chuma kitupu hushika kutu, na kutu ya chuma haifanani na ngozi ya alumini. Inavimba, ina matundu, inabanduka, na maji yanaendelea kuingia. Kinachokilinda ni ule utando tu. Ukwaju na nyanya zikikaa humo huula, na chakula kinatoka na weusi na ladha ya damu. Kwa upande mwingine, chuma kidogo kinachoingia kwenye chakula ni kirutubisho, ingawa aliyeambiwa ana upungufu wa damu asikifanye kikaango kuwa dawa yake.

Mshtuko: kikianguka kwenye saruji chaweza kuvunjika vipande viwili, ijapokuwa ni chuma. Maji baridi juu ya kikaango cha moto, usithubutu.

Jiko na matunzo: kinakubali yote, pamoja na la sumaku. Osha, kausha juu ya moto, paka mafuta. Mwenye mkono unaouma akifikirie uzito wake kwanza.

Inamfaa mpika chapati, vitumbua, mkate wa ufuta na nyama ya kukaanga, mtu anayependa kutunza kitu.

Chungu cha udongo

Udongo wa mfinyanzi umejengwa kwa karatasi: upande mmoja silikoni na oksijeni, upande mwingine alumini na oksijeni. Maji yakiingia kati ya karatasi, zinateleza. Ndiyo maana udongo mbichi unafuata mkono, na ndio wakati pekee katika maisha yake utakaofanana na metali. Moto ukifika kati ya nyuzi 450 na 600, haidrojeni na oksijeni zilizokuwa sehemu ya karatasi hutoka kama mvuke, karatasi zinafungamana, na udongo haurudi kuwa tope hata uuloweke mwaka.

Uchomaji wa nje, kwa kuni na nyasi, mara nyingi hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Unatosha kufungamanisha, hautoshi kuyeyusha udongo ukawa kama kioo, kwa hiyo vitundu vinabaki. Vyungu vya wanawake wa kabila la Kisi, wa Ikombe na vijiji vya jirani kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, vinavyouzwa soko la Matema, ni vya namna hii. Vitundu vina faida zake. Mtungi hupoza maji kwa sababu yanapenya hadi nje na kukauka, yakichukua joto. Na ufa unapoanza safari yake ukakutana na tundu au punje ya mchanga, nguvu yake huishia hapo.

Moto: wati moja hivi, au chini yake. Hakuna elektroni za ujima. Joto linapita kwa atomi kutikisana tu, jirani kwa jirani. Chungu kinachelewa kupata moto, kisha kinachelewa kuupoteza. Kiipue, na mchuzi utaendelea kutokota ukiwa mezani. Kwa maharage, kisamvu, na samaki wa nazi ambaye hataki kusumbuliwa na moto wa ghafla, sijaona kinachokipita, na hapo nakiri nina upendeleo.

Chakula: ukwaju ulale humo hata siku mbili. Bondi zilizomo haziguswi na tindikali ya jikoni. Kasoro ni kwamba vitundu hunywa mafuta na harufu, kwa hiyo wenye busara huwa na chungu cha samaki na kingine. Chungu kipya wengi huchemshia uji mwepesi kwanza, wanga ukaziba vitundu. Kiogope tu kilichopakwa rangi ya kung'aa usiyoijua asili yake, maana baadhi ya rangi hizo hutengenezwa kwa risasi.

Mshtuko: hapa ndipo kinapolipa deni. Upande wa nje umekwisha kupata moto na kutanuka, wa ndani bado baridi, na hakuna safu inayoweza kuteleza kupunguza mkazo. Moto wa taratibu, maji yamo ndani, na ukiipua ukitue juu ya kata au kipande cha gunia kikavu, kamwe si kwenye sakafu yenye maji.

Jiko na matunzo: mkaa na kuni ndiyo kwao. Gesi, moto mdogo. Koili ya umeme ni hatari kwa sababu inapasha kwa mistari, na jiko la sumaku halikioni kabisa.

Inamfaa mwenye muda, mwenye mkaa, na mwenye rafu isiyofikiwa na watoto.

Na zile zisizoshika?

Utaniuliza kuhusu teflon. Aliigundua Roy Plunkett mwaka 1938. Ni minyororo ya kaboni iliyovikwa florini pande zote, na bondi ya kaboni na florini ni miongoni mwa zilizo imara zaidi katika kemia ya kaboni, ndiyo maana yai halipati pa kushika. Lakini ni rangi juu ya alumini, basi. Kikomo cha matumizi yake ni nyuzi 260 hivi. Kikaango kitupu juu ya moto mkali hupita hapo upesi, utando unaanza kuoza na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Kijiko cha chuma nacho kinaukwaruza. Kinunue kwa ajili ya mayai, ukijua kwamba siku zake zinahesabika.

Uchague vipi sasa

Kama unaanza nyumba na una hela ya chombo kimoja tu, tazama unachokula mara nyingi. Nyumba ya wali, ugali na chai itaridhika na alumini ya kiwandani, nene kiasi. Nyumba ambayo kila mchuzi una ndimu, ukwaju au nyanya, na ambayo chakula cha jioni huliwa tena asubuhi kutoka sufuria ile ile, itapata amani kwa stenlesi ya kitako kinene, hata kama itabidi kungoja mwisho wa mwezi mwingine.

Ukiweza viwili, mimi ningechukua alumini ya kuchemshia na kikaango cha chuma. Jirani yangu angechukua stenlesi na chungu, na chakula chake ni kitamu kuliko changu.

Umehamia nyumba yenye jiko la sumaku? Usitupe kitu bado. Pitisha sumaku chini ya kila chombo ulicho nacho; kitakachoshika kwa nguvu kitafanya kazi, na pengine utagundua sufuria ya zamani ya stenlesi uliyoidharau ndiyo pekee inayokubali.

Unapikia mtoto mdogo au mama mjamzito, na sufuria yako ni ya kusubu usiyojua ilitokana na chuma gani: itumie kuchemshia maji ya kuoga, uji na mboga uzihamishie kwingine. Kama anayekula ana ugonjwa wa figo, vya tindikali na vya magadi viende kwenye stenlesi au chungu.

Umepanga chumba, unahama kila mwaka, vitu vinapanda bodaboda? Chungu na kikaango cha chuma havikufai kwa sasa. Alumini ikibonyea njiani utaigonga kwa mpini wa mchi irudi.

Ukiwa na chungu tayari na kimepasuka, vigae vyake vipeleke kwa mfinyanzi ikiwa yuko karibu. Atavitwanga na kuchanganya kwenye udongo wa chungu kinachofuata, ili ufa wa huko nao upate pa kuishia.